Kabla Mwenyekiti Hajavaa Miwani

Bi Tamae, jirani yao, ndiye aliyemwambia kwanza, tena akiwa ameshika figili mkono mmoja na kisu mkono wa pili, kwamba mkutano wa kitongoji haufanyiki ukumbini, mkutano hufanyika jikoni, ukumbini watu huja kupiga makofi na kuchukua visanduku vyao vya chakula, "kwa hiyo ukiona ukumbi umenyamaza, mkamwana, usiogope, kunyamaza ndiko kukubali," na Chinatsu akaitikia ndiyo, ndiyo, akaandika hata kwenye kidaftari chake, kunyamaza ndiko kukubali, na sasa ukumbi umenyamaza kweli, mwenyekiti Iwatsuki ameuliza kama kuna pingamizi lolote juu ya hoja ya nne, amevua miwani na anaifuta kwa kitambaa kama afanyavyo kila mara kabla ya kuomba makofi, upande wa kulia hakuna aliyesema, upande wa kushoto hakuna aliyesema, birika linachemka polepole juu ya jiko la mafuta ya taa, na kwenye kompyuta iliyo mbele ya Chinatsu, katika kisanduku cha tatu kutoka juu, bibi Hisano anasema kitu. Anasema, midomo inakwenda, mkono mmoja umeinuka kidogo kama wa mtu anayeeleza njia, lakini sauti hakuna, kwa sababu kwenye kona ya kisanduku chake ipo ile alama ya maiki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na aliyeikata ni Chinatsu mwenyewe, kwa kidole hiki hiki, robo saa iliyopita, pale Bwana Kadowaki wa Osaka alipokuwa akisikiliza taarifa ya mfereji wa maji na mke wake akapita nyuma yake na mashine ya kufyonza vumbi, ukumbi mzima ukavuma, kisha ikasikika sauti ya mke, "Noboru, inua miguu!" na Kadowaki, mtu mwenye tai, akainua miguu yote miwili mbele ya kitongoji kizima, watu wakacheka hadi Mzee Yasuji akakohoa, na mwenyekiti, ambaye naye alikuwa akicheka, akasema, "Mkamwana wa Kuwabara, wazime wote hao kwanza," naye akawazima wote, watano, kwa mguso mmoja, na ukumbi ukatulia, akajisikia vizuri, alishukuru hata, kwa sababu ilikuwa kazi aliyoweza kuifanya bila kufungua mdomo.

Na hakuna mwingine anayemwona, hilo ndilo jambo, projekta inaonyesha ukutani karatasi ya hoja kwa herufi kubwa kwa ajili ya wazee wasioona vizuri, nyuso za walio mbali zipo hapa tu, kwenye kompyuta hii, juu ya meza hii fupi, ambayo yeye peke yake amepiga magoti mbele yake na mtoto mgongoni, kwa hiyo kati ya watu wote waliokaa juu ya mikeka hii ni yeye tu anayejua kwamba bibi Hisano anazungumza, na bibi Hisano mwenyewe... bibi hajui, hajui kwamba maiki yake imezimwa, anadhani wanamsikia, anasema na huku anawaona wamekaa kimya, wanatazama magoti yao, mwenyekiti anafuta miwani, anadhani wamemsikia na wamemnyamazia. Joto likampanda Chinatsu hadi masikioni. Suzu akageuza shavu mgongoni mwake, akapumua, akaendelea kulala, ahsante mwanangu, lala hivyo hivyo, lala kidogo tu, maana hoja ya nne inasema kaya ambazo nyumba zake zimefungwa kwa miaka mitatu au zaidi ziondolewe kwenye daftari la kitongoji, na nyumba ya bibi Hisano Otsubo imefungwa kwa miaka mitatu na miezi miwili, tangu siku alipoanguka kwenye barafu akavunjika nyonga na kupelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule mjini, saa nzima na nusu kwa basi, na kwamba hoja hii ni ya haki hakuna anayebisha, mwaka jana mkutano ulivunjika mara mbili kwa kukosa akidi kwa sababu waliohama hawarudishi karatasi zao, Iwatsuki si mtu mbaya, si ndiye aliyekuja kuchimba theluji mlangoni pa Chinatsu majira ya baridi mwaka juzi, mumewe Tokuya akiwa zamu kiwandani, akachimba njia mpaka barabarani na akaondoka bila kugonga ili asimtie aibu ya kumshukuru, si mtu mbaya, anataka tu daftari linalolingana na watu, lakini akishavaa miwani ataomba makofi, na makofi yakishapigwa katibu atalichukua daftari na kuandika upya majina, na katibu wa mwaka huu kwa zamu ya nyumba ni akina Kuwabara, na kwa akina Kuwabara mwenye nafasi ni yeye, kwa hiyo mkono utakaolikata jina la Otsubo ni mkono ule ule uliozima sauti. Bibi ataendelea kula uji wake kule mjini na hatakuwa wa hapa tena, siku akifa hapatakuwa na mtu wa kitongoji mwenye wajibu wa kuja kusaidia mazishi, wataenda walio na nafasi, walio na nafasi, na nani ana nafasi.

Mwenyekiti amemaliza kioo cha kwanza, anahamia cha pili.

Na alidhani amepanga kila kitu, Mungu wangu, alivyopanga, tangu mwezi wa kwanza, yeye ndiye aliyenong'ona wakati wa kuosha vyombo kwamba labda waliohama wangeweza kuhudhuria kwa kompyuta, akanong'ona kwa Bi Tamae, na Bi Tamae akalisema mbele ya wote kama lake ili mkamwana asije akaulizwa maswali, mwanamke mwenye huruma yule, kisha akamgeukia jikoni na kumwambia, "Sasa umejitakia, wewe ndiye utakayezifunga hizo nyaya," na alizifunga kweli, Tokuya alimnunulia waya mrefu akiwa njiani kutoka kazini na akaja nao mdomoni kama mbwa aliyeokota samaki, ili amchekeshe, naye alicheka, akaubandika chini kwa gundi ya karatasi ili wazee wasijikwae, akaweka maiki ndani ya bakuli la chai lililotandikwa kitambaa, ili likusanye sauti, kwa sababu watu wa hapa husema polepole na kwa kuziba mdomo, siku ya jaribio akagundua kwamba kamera akiiweka mbele wale wa mbali hawaoni mtu, wanaona mito mitupu, maana kila mmoja akiingia husema tangulia wewe, aa, tangulia wewe, na wote huishia kujibana nyuma karibu na mlango, mstari wa mbele hukaliwa na hewa, basi akaihamishia kamera pembeni, usawa wa nyuso, hata Bwana Kadowaki akaandika kwamba ni kama amekaa ukumbini na harufu ya mafuta ya taa anaisikia. Akatuma karatasi za hoja kwa posta siku kumi kabla, kwa herufi kubwa, kila jina akilikagua mara tatu, akafanya jaribio na kila mmoja, mnanisikia, mnaniona, sogeza kidogo, sawa, ahsanteni, na jaribio la bibi Hisano lilikuwa la mwisho, muuguzi alimshikia kishikwambi, kwanza likaonekana paji la uso peke yake, paji kubwa na mikunjo yake, sauti ikatoka chini ya paji, "Ni wewe, mkamwana? Mbona umekonda?" na Chinatsu akashindwa kujibu kwa furaha, akawa anatikisa kichwa tu, na bibi akauliza, "Nikitaka kusema nifanyeje, kuna kitu cha kubonyeza?" na yeye akajibu, ndiyo, alijibu kwa sauti yake mwenyewe, anaikumbuka, "Usibonyeze kitu, bibi. Sema tu. Mimi nitakuwa nimekufungulia."

Mimi nitakuwa nimekufungulia.

Halafu wakapita majikoni, wiki tatu, yeye na Bi Tamae, nyumba ishirini na mbili, kama unavyopaswa kupita kabla ya kila mkutano ili siku yenyewe asishtuliwe mtu, unavua viatu, unakataa chai mara mbili, unaikubali mara ya tatu, unakula figili za chumvi unazisifu, unaongelea mvua, ukiwa unaondoka, mguu mmoja uko kwenye kiatu tayari, ndipo unaposema, kuna hilo la hoja ya nne, unaonaje, na mwenye nyumba anavuta hewa kwa meno, ssss, anasema ni jambo gumu, ni jambo lisiloepukika, na unajua imekubalika, wakapita nyumba zote ishirini na mbili na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la Hisano, ingawa kila mmoja akivuta ile hewa alikuwa akitazama dirishani, upande wa juu ambako paa lake linaonekana, na Chinatsu naye hakulitaja, alibeba kikapu, akasema ndiyo, ndiyo, akala figili. Ishirini na mbili. Na wale watano wa kwenye kompyuta? Aliwatumia karatasi. Aliwatumia stempu. Aliwauliza kama wanamsikia na kama wanamwona na hakuwauliza hata mara moja wanaifikiriaje hoja ya nne, hakukaa nao, hakunywa chai nao, ah, sasa anaona alipokosea, wala halikuwa kosa la waya, aliwaingiza ukumbini bila kuwapitisha jikoni, mtu amekuja mkutanoni na neno lake bichi kifuani, hakuna aliyempa pa kulitua mapema, basi afanye nini, analisema hapo hapo, mbele ya watu, jambo ambalo hapa halijafanywa tangu... Bi Tamae alisema tangu mwaka wa kuletwa kwa lami.

"Miwani hiyo ina uchafu gani, mwenyekiti," sauti ya Mzee Yasuji kutoka nyuma, "samaki wa watu wanapoa," na kicheko kidogo kikapita chini chini, kama watu wanaobadilisha magoti, mwenyekiti akasema, "Mzee wewe, samaki hao tangu asubuhi ni baridi," akapulizia kioo pumzi, haa, akafuta tena, ahsante Mzee Yasuji, ahsante kwa utani wako, umeniongezea pumzi moja, na kule kwenye kisanduku bibi Hisano amenyamaza kidogo, anawatazama, ameona wanacheka. Ameona wanacheka! Amesema alichosema na watu wamecheka, ndivyo anavyoona, kwa sababu sauti yao inamfikia, yake tu ndiyo haifiki, na ona alivyovaa, amevaa koti lake jeusi la sherehe lenye alama ya ukoo, ndani yake shingo ya pajama inaonekana, ameweka na ile pini ya lulu, aliwaamkia wote tangu mwanzo, ukumbi ulipoinama yeye aliinama akiwa amechelewa sekunde mbili, wenzake walipoinuka yeye ndiyo kwanza yuko chini, peke yake, kwa heshima zote, na Chinatsu aliona na akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Sasa anafungua mdomo tena. Anaanza upya. Mwanamke wa miaka themanini na sita amechekwa, kwa alivyoona, na anaanza upya.

Mimi nisingeanza upya, Chinatsu akawaza, mimi ningezima, ningejifunika blanketi, kama siku ya kipaza sauti cha kitongoji, ilipokuwa zamu yake kutangaza siku ya kutoa takataka kubwa na sauti yake ikatoka kwenye milingoti yote bondeni ikiwa nyembamba, ikikwaruza, ikaishia katikati ya neno jokofu, na kwa wiki nzima watoto wa shule wakapita wakisema joko, joko, joko, na tangu hapo ameacha, hata leo maelezo ya kuingia mtandaoni ameyasoma Bi Tamae kwa niaba yake, watu walishazoea, mkamwana wa Kuwabara hasemi, ni mpole, na ni kweli wamemvumilia, hakuna aliyemsukuma, anawashukuru kwa hilo, lakini miaka sita iliyopita alipofika hapa na lafudhi yake ya pwani ambayo iliwafanya wanawake watazamane, kati ya wote waliomvumilia kulikuwa na mmoja ambaye... ubao wa matangazo, ule unaopita nyumba kwa nyumba, unausoma, unagonga muhuri wako, unampelekea jirani, wengine wote waliutundika kwenye msumari mlangoni wakaondoka, bibi Hisano pekee alifungua mlango na kuita, "Nipo! Sijaja kukaa, mkamwana, nina haraka," kisha akakaa dakika arobaini. Alikaa pale kizingitini na kuongea, figili zake, mumewe marehemu aliyekoroma hadi paka akahama, bei ya mbegu, hapana, bei hakuongelea, aliongelea mbegu zenyewe, jinsi zinavyokataa kuota ukizitazama sana, na hakuuliza swali hata moja linalodai jibu, Chinatsu alikuwa akisikiliza tu, na bibi akiinuka kuondoka alisema, "Tumeongea vizuri leo," tumeongea, alisema hivyo, kana kwamba Chinatsu naye alikuwa ameongea. Wengine wote walimwuliza lini. Lini utatuletea mtoto, mkamwana, nyumba kubwa hiyo, lini. Bibi Hisano hakuuliza lini.

Na ile mimba ya kwanza ilipotoka, mwezi wa nne, hakuna aliyeambiwa na kila mtu alijua, watu walipita mbali na mlango kwa adabu, kwa huruma yao ya kunyamaza, naye alikuwa amelala chini sebuleni akitazama miguu ya meza, siku ya tatu hiyo, mlango ukafunguka, "Nipo! Nimeleta ubao, nina haraka," na bibi akakaa, akakaa mpaka jua likatoka kwenye mkeka, aliongea na sehemu kubwa hakuongea, alimenya machungwa mawili madogo, akaliweka moja karibu na mkono wake, kisha akaondoka, na Chinatsu alipouchukua ubao ili agonge muhuri akaona tangazo lilikuwa la dawa ya panya, la miezi miwili nyuma, muhuri wake mwenyewe umo tayari, na wa Otsubo, na wa kila mtu. Haikuwa zamu ya ubao. Bibi alikuwa ametafuta tangazo bovu nyumbani kwake ili apate sababu ya kuja. Chinatsu hakumwambia kamwe kwamba aligundua. Alilila chungwa lile, ganda lake alilikausha, na Suzu alipozaliwa mwaka jana bibi alikuwa kule mjini tayari, alitumiwa picha, akajibu kwa kadi yenye maneno mawili, ahsante mno, yeye ndiye aliyeshukuru, kana kwamba mtoto amezaliwa kwa ajili yake, na labda...

Mimi nilinyamaza siku ile, Chinatsu akawaza, nilinyamaza kuliko nilivyowahi kunyamaza, na yeye hakudhani nimekubali. Hakusema huyu amenyamaza basi ni sawa. Alisikia kimya changu akavaa viatu akaja. Na mimi nimeandika kwenye kidaftari... Bi Tamae hakunidanganya, kwa watu waliopitiwa majikoni ni kweli, wameshasema, wamenyamaza kwa sababu wamemaliza kusema, lakini huyu hajanyamaza, huyu amenyamazishwa, na si na mwenyekiti, si na hoja, ni na mimi ninayempenda, kwa kidole, kwa sababu ilikuwa raha kupata kazi isiyohitaji sauti. Ajabu, hakujisikia kushtakiwa. Kilichomjia ni shukrani, ilimjia kama maji ya moto yanavyopanda ukiingia kwenye bafu wakati wa baridi, kutoka miguuni, kwamba kati ya watu wote waliomo humu ni yeye aliyewekwa mbele ya kisanduku kile, angekuwa katibu mwingine angekuwa anatazama karatasi ukutani, angekuwa ametazama saa, ni yeye, na bado kuna nafasi, miwani bado iko mkononi, kioo cha pili kinamalizika, mwenyekiti anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja amelifumba.

Kufungua maiki hakutoshi. Alijua hilo, sauti ya spika aliipunguza wakati wa ile mashine ya vumbi, na makofi ya watu ishirini na wawili yatamfunika bibi kama theluji ya paani, ni lazima ukumbi uambiwe usubiri, na wa kuuambia ni nani. Bi Tamae yuko mbali, karibu na birika, anamtazama Suzu na kutabasamu, hajui kitu. Mkono wa kulia ukaenda kwenye spika. Wa kushoto kwenye ile alama nyekundu. Lile neno jokofu lilikuwa bado limekwama mahali fulani humo ndani tangu mwaka ule, joko, joko, na mwenyekiti Iwatsuki akaishusha miwani, akaikunjua mikono yake, akaielekeza usoni, "Basi, kama hakuna..." na yeye akawaza tumeongea vizuri leo, tumeongea, akavuta pumzi mpaka Suzu akainuka mgongoni kama mashua, hapana, kama mzigo wa kuni mtu anapojiweka sawa, na akasema, "Samahani."

Sauti yake ilitoka nyembamba, ikakwaruza. Lakini ilifika. Vichwa vyote viligeuka, na haikuwa vibaya kama alivyodhani, zilikuwa nyuso tu, anazijua zote na majiko yao. "Samahani," alisema tena, "bibi Hisano anasema. Anasema tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemzima." Akafungua.

"...mara ya tatu nasema," sauti ikajaa ukumbini, kubwa mno, birika likatetemeka, "sijui mmeziba masikio au mmekuwa viziwi nyote kwa pamoja. Iwatsuki! Nyumba yangu haijafungwa. Mimi nimetoka tu."

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuvaa miwani. Alitazama dari kwanza, akitafuta sauti inakotoka.

"Huyo Hisano!" Mzee Yasuji akapiga goti lake. "Nyonga imevunjika, ulimi mzima!"

"Na wewe Yasuji nimekusikia unawalilia samaki," sauti ikajibu, baada ya sekunde mbili, na safari hii walipocheka alikuwa anacheka nao.

Iwatsuki aliigeukia kompyuta, akapiga magoti vizuri, akainama kabisa mpaka paji likagusa mkeka, akakaa hapo hapo mpaka bibi naye, kwa kuchelewa kwake, akawa ameinama. Kisha akasema hoja ya nne haitapigiwa makofi leo. "Naona kuna majiko tuliyoyaruka," alisema, bila kumtazama yeyote. "Tutayapitia. Tutalizungumza tena mwezi ujao." Na Bi Tamae, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, akaondoka kwenye birika, akaja kukaa karibu na Chinatsu, goti kwa goti, akamtengenezea Suzu kofia.

Asubuhi iliyofuata, Tokuya alipokwisha kwenda kazini, Chinatsu alimfunga Suzu mgongoni, akaomba kwa Bi Tamae ufunguo alioachiwa na bibi, akapanda mpaka kwa Otsubo. Mbao za kufungia madirisha zilikuwa nane, zimevimba kwa unyevu wa miaka mitatu. Alizivuta moja moja, kwa mikono miwili, zikalia mpaka bondeni, na jua likaingia juu ya mikeka hatua kwa hatua. Alifagia wadudu waliokufa. Alitoa magodoro akayaanika kwenye ukingo wa baraza. Ubao wa nane ulikataa. Alikuwa bado anahangaika nao Mzee Yasuji alipopita na toroli la mbolea, akasimama, akatazama nyumba ilivyo wazi.

"Karudi?"

"Hapana," Chinatsu alisema, kwa sauti ambayo hata mtu wa shamba la chini angeisikia. "Ametoka tu."

Mzee aliliweka toroli chini. Akafuta soli za viatu kwenye nyasi, akapanda barazani, akashika upande wa pili wa ubao. "Huu hauvutwi," alisema. "Marehemu mumewe alikosea kipimo. Unainua kwanza. Haya, kwa pamoja." Wakainua.